Noti nane, mashimo saba

Jumamosi ya Juni, saa kumi jioni, ukumbi wa parokia moja huko Katuba, mjini Lubumbashi. Korale iko kwenye repetisyo, yaani mazoezi ya kuimba, na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Mwongozaji anawanyamazisha waimbaji wote, kisha anamwomba mpiga fluti apige peke yake mstari wa kwanza wa «Bwana, utuhurumie» utakaoimbwa kesho yake. Ni noti nane tu, katika ngazi ya fa: fa, sol, la, fa, kisha anaruka hadi re ya juu, halafu anashuka do, si bemoli (noti ya si iliyoshushwa nusu toni), la.

Kijana anapiga. Noti zote ziko mahali pake, hakuna iliyopasuka.

Mwongozaji anageukia safu ya soprano. «Mama, hebu tuimbie mstari huo huo, polepole, wewe peke yako.»

Mama anaimba. Ana mafua kidogo, na kwenye re ya juu sauti inakwaruza. Hata hivyo ukumbi mzima unatulia, hata watoto waliokuwa wakisukuma viti nyuma.

Simu moja ilikuwa imeachwa juu ya benchi, inarekodi. Rekodi hiyo imenikalia kichwani wiki tatu. Ukiisikiliza haraka utasema mama ana hisia na kijana hana, yaishe. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu yeyote, kwa sababu huwezi kumwambia mpiga ala aende nyumbani akaongeze hisia. Ukipunguza mwendo wa rekodi hadi nusu, ndipo kitu kinapoonekana. Kwa mama, mstari unakatika mahali pamoja tu. Kwa fluti, kabla ya kila noti kuna kimya kifupi sana, kama tundu la sindano kwenye kitambaa.

Noti nane. Mashimo saba.

## Shaka juu ya noti ndefu

Kilichofanya jambo hili likatae kuondoka ni kwamba kijana huyo si mvivu. Kabla ya repetisyo alisimama kwenye korido dakika ishirini akipiga noti ndefu kama tunavyofundishwa sote: noti ya si ya oktava ya kwanza, yaani kundi la chini la noti za fluti, kwa hesabu nane, kisha si bemoli, kisha la, nusu toni moja moja hadi do ya chini kabisa. Na pale kwenye korido sauti yake ilikuwa imejaa. Alipoingia ukumbini, ikapotelea wapi?

Shaka ya kwanza iliangukia noti ndefu zenyewe. Labda ni zoezi tupu, labda linazalisha watu wanaojua kupiga noti na hawajui kupiga wimbo.

Hapana. Noti ndefu zinafundisha mambo ambayo ni vigumu kuyajifunza kwingine. Mdomo wa chini unajifunza kufunika kama theluthi moja ya tundu la kupulizia. Uwazi kati ya midomo unajifunza kubaki mdogo. Mkondo wa hewa unajifunza kugonga ukingo wa mbele wa tundu bila kumwagika pembeni. Fluti haina kipande cha mwanzi kinachotetemeka kama klarineti. Hewa yenyewe ndiyo inayoyumba, mara ndani mara nje ya ule ukingo, na mpiga ndiye anayeilinda. Mkondo ukilegea, sauti inafifia na kushuka. Ukisukumwa kwa nguvu bila kubadilisha midomo, sauti inapanda na kuwa kali.

Yote hayo kijana anayaweza. Ila noti ndefu ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Mstari wa noti nane una mapito saba kutoka noti moja kwenda nyingine, na kwenye mapito ndipo anapoachia hewa. Amefanya mazoezi ya noti miaka mingi. Pito hajawahi kulifanyia zoezi.

Na wimbo wenye maneno ndilo zoezi la mapito, kwa sababu maneno yanakwambia kila pito ni la aina gani.

## Weka maneno chini ya noti

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Chukua kalamu, andika silabi chini ya noti zake.

Bwa ni fa. Na ni sol. U ni la. Tu ni fa. Hu ni re ya juu. Ru ni do. Mi ni si bemoli. E ni la.

Sasa fuatilia kinywa cha anayeimba. Kwenye «Bwa» midomo inafunga kisha inafunguka. Huo ni mwanzo. Kwenye «na» ulimi unagusa, lakini sauti inaendelea kupita puani. Kutoka «na» kwenda «u» hakuna konsonanti kabisa. Kwenye «tu» ulimi unafunga njia kweli, kwa kitambo kifupi. «Hu»: h ni pumzi tupu, hakuna kinachofungwa. «Ru»: ulimi unagonga mara moja, kwa wepesi. «Mi»: midomo inafunga, sauti inapita puani. «E» ni irabu inayofuata irabu.

Ukiacha mwanzo, hewa inafungwa mara moja tu katika mstari mzima, kwenye «tu».

Kijana aliifunga mara nane. Alichotamka kwa fluti ni tu, tu, tu, tu, tu, tu, tu, tu. Na kila «tu» ilikuja na kosa la pili, baya kuliko la kwanza: kabla ya ulimi kugusa, tumbo lilikuwa limeshaachia pumzi, kana kwamba kila noti ni safari mpya. Ulimi peke yake hauchimbi shimo kubwa. Ulimi pamoja na pumzi iliyolegea ndio unaochimba.

## Namna ya kuyaziba

Kwanza sema mstari bila kuimba, polepole, kiganja kikiwa sentimita kumi mbele ya kinywa. Utahisi kwenye ngozi ni wapi hewa inakatika na ni wapi inaendelea. Rudia hadi uweze kuonyesha kwa kidole kwenye karatasi.

Kisha uimbe kwa irabu peke yake: a, a, u, u, u, u, i, e. Usijali uzuri wa sauti. Unachotafuta ni kile kinachotokea kati ya noti: koo haliachi, mbavu hazianguki.

Sasa chukua fluti. Anza fa kwa ulimi mwepesi, halafu noti saba zinazobaki zipigwe bila ulimi kabisa, vidole peke yake, hewa ikiwa moja kama uzi. Hapa wengi wanakata tamaa, maana bila ulimi uchafu wote unajitokeza. Vidole vilivyokuwa vikichelewa vinasikika vikichelewa. Sauti za katikati zisizo na jina zinaibuka. Ulimi ulikuwa ukifunika yote hayo, na hiyo ni sababu moja ya kuupenda kupita kiasi. Kaa kwenye hatua hii siku tatu au nne, hata kama inachosha.

Baada ya hapo rudisha konsonanti, moja moja. Kwenye «tu» weka ulimi wa kweli. Kwenye «na» weka ulimi laini, kama unasema «du» ukiwa umelala nusu. «Ru» iwe hivyo hivyo. Kwenye «mi» usiweke ulimi. Punguza hewa kidogo tu, kama mtu anayebana midomo bila kunyamaza. «U», «hu» na «e» ziache wazi.

Ukirekodi, weka simu mita mbili au tatu kutoka kwako. Ikiwa karibu na kichwa cha fluti itachukua mvumo wa hewa na utadhani sauti yako ni chafu wakati msikilizaji wa benchi la tatu hausikii mvumo huo.

## Mama alipoweka uzito

Kuna jambo jingine kwenye rekodi, na lilichukua muda zaidi kulisikia.

Kijana aliipiga re kwa nguvu kuliko noti zote. Ndiyo ya juu, na juu kunahitaji hewa ya kasi, kwa hiyo nguvu ilikuja yenyewe. Mama aliipitia re kwa wepesi, karibu kama mtu anayeinua mkono kabla ya kuuweka begani kwa mwenzake, na uzito akauweka kwenye si bemoli.

Kwa nini si bemoli? Kwa sababu hiyo ni «mi», na katika Kiswahili mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Utuhuru-MI-e. Hakufikiri. Ndivyo neno linavyosemwa nyumbani, sokoni na kanisani.

Mpiga fluti anapaswa kufanya jambo ambalo ala haitaki: noti ya juu iwe ndogo, ya chini yake iwe kubwa. Kinachosaidia ni kutenganisha kasi ya hewa na wingi wa hewa. Kwa re, sogeza midomo mbele kidogo na upunguze uwazi wake. Hewa inabaki na kasi lakini inakuwa chache. Unaposhuka do na si bemoli, fungua uwazi polepole na uelekeze mkondo chini kidogo, ili kuongezeka kwa hewa kusiipandishe si bemoli. Wanaosahau hatua hii ya mwisho hupata «mi» yenye uzito lakini iliyo juu ya kinanda, na mwongozaji anawakunjia uso bila wao kujua kosa liko wapi.

Hapa shaka nyingine iliingia. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu vya kanisa zilikuja na tuni za Ujerumani, Ufaransa au Uingereza, maneno ya Kiswahili yakapachikwa baadaye. Mara nyingi pigo zito la muziki linaangukia silabi ambayo haina mkazo. Mpiga fluti akifuata neno, anapishana na pigo. Akifuata pigo, anavunja neno. Afuate nini?

Jibu nimelipata kwa waimbaji wazee wa korale. Hawabishani na pigo. Wanalifikia kwa upole, kisha wanaikawiza kidogo ile silabi ya kweli, kiasi cha kusikika na kisichotosha kuvuruga mwendo. Fluti ikifanya hivyo hivyo, inakaa ndani ya korale badala ya kukaa juu yake. Ukitaka kulijua hilo usilitafute kwenye karatasi. Kaa nyuma ya safu ya mama wa soprano na usikilize.

Kwa nyimbo za Kiluba na Kibemba, ambazo Lubumbashi haikosi Jumapili hata moja, kazi inaongezeka. Hizo ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Asiyezijua amwombe anayezijua amsomee maneno kwa sauti ya kawaida mara tatu, kabla ya kugusa fluti. Na mwenye bahati ya kumsikia mzee wa Kasai akitoa kasala, yale maneno ya sifa au ya maombolezo ya Waluba, ajaribu kumfuata kwa fluti. Hakuna mizani ya kuhesabu pale. Kila sentensi inakwenda hadi pumzi inapoishia. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawa, haina cha kukufundisha hapo, na ni vizuri sana kukosa metronomu mara moja moja.

## Kutoka fa hadi re

Pito gumu kuliko yote ni lile la nne, «tu» kwenda «hu». Ni umbali wa sita, yaani noti sita ukihesabu fa na re zenyewe, na vidole vinne vinahama kwa pamoja. Kidole cha shahada cha kushoto kinainuka. Cha kati na cha pete vya mkono wa kulia vinashuka. Kidole kidogo cha kulia kinaachia ufunguo wake. Cha shahada kikisahauliwa chini, re inatoka lakini imefifia, kama imefunikwa na blanketi. Kidole kidogo kikibaki kimebonyeza, inatoka mi bemoli badala ya re.

Lakini vidole si kiini cha tatizo. Sikiliza watu kumi wakiruka sita: karibu wote wanapunguza hewa kwenye noti ya chini ili kujiandaa kwa ile ya juu. Ni woga wa mwili, kama mtu anayerudi nyuma kabla ya kuruka mfereji. Shimo linatokea pale, kabla hata ya kidole kusogea.

Mwimbaji anafanya kinyume. Anaongeza hewa kwenye silabi ya chini, na noti ya juu inazaliwa kutoka kwenye hewa ambayo tayari ipo njiani. Herufi h kwenye «hu» inasaidia: ni pumzi inayopita bila kizuizi.

Zoezi ni noti mbili peke yake. Shika fa hesabu nne, ikikua kidogo kidogo. Kwenye hesabu ya nne midomo ianze kusogea mbele, vidole vikiwa bado kwenye fa. Kisha vidole vihame, re itoke, na iwe ndogo kuliko fa ilivyoishia. Mara kumi, kwa utulivu. Ikitoka fa ya oktava ya pili kabla ya wakati, midomo imesogea mapema mno au hewa imezidi, punguza. Ikitoka re ya chini, midomo haijasogea.

Halafu hamisha mstari mzima nusu toni chini: ngazi ya mi, mi bemoli, re, re bemoli, do. Kila ngazi inahamisha hatari mahali pengine. Kwenye ngazi ya mi kuruka kunaangukia do dieze (do iliyopandishwa nusu toni), noti inayopigwa matundu karibu yote yakiwa wazi. Kwa fluti nyingi ni noti iliyopauka na inayopenda kupanda, kwa hiyo inahitaji hewa ielekezwe chini na kinywa kiwe na nafasi zaidi ndani. Kwenye mi bemoli unatoka kwenye noti iliyofunga vidole karibu vyote kwenda do iliyovifungua karibu vyote, na fluti inataka kuviringika mikononi. Kwenye do unaanzia kwenye noti ya chini kabisa ya ala, ambayo haivumilii papara. Maneno ni yale yale, na rangi ya sauti inapaswa kuwa ile ile katika ngazi zote sita.

## Je, si kuiga tu?

Hili nililiogopa kidogo. Mtu akiiga mwimbaji anaweza kuishia kuiga mapambo yake: kuteleza kati ya noti, kutetemesha kila kitu, kuchelewesha kila mwisho.

Lakini njia hii ina historia ndefu, na si ya mahali pamoja. Marcel Moyse, Mfaransa aliyezaliwa 1889 na kufariki 1984, alikuwa mpiga fluti wa orkestra ya Opéra-Comique mjini Paris. Alikaa chini ya jukwaa akiwasikiliza waimbaji, na baadaye akawafundisha wanafunzi wake sauti kwa tuni za opera, akiwataka wazipige katika ngazi tofauti. Kule India, Pannalal Ghosh, aliyeishi kati ya 1911 na 1960, aliichukua filimbi ya mwanzi iliyokuwa ala ndogo ya nyimbo za watu, akatumia mwanzi mrefu wa sentimita 80 hivi, ili aweze kushuka hadi mahali sauti ya mwimbaji inaposhuka na kukaa pale. Katika milima ya Futa Djallon nchini Guinea, wapiga filimbi ya Wafulani, yenye matundu matatu ya vidole, wanaimba na kusema maneno ndani ya filimbi wakiwa wanaipuliza.

Jambo hilo la Wafulani linafaa kujaribiwa na mtu yeyote. Piga mstari wetu huku ukiuimba kwa koo, kwa oktava ya chini kama wewe ni mwanamume, kwa sauti sawa na fluti kama wewe ni mwanamke. Itatoka sauti ya kukwaruza. Sauti mbili zisipolingana, utasikia mawimbi yakigongana, zikilingana, yanatulia. Fanya hivyo mara tatu, kisha acha kuimba lakini uache koo pale pale, kama linaloendelea kuimba kimya. Mpiga fluti Mmarekani Robert Dick ameifundisha hatua hii kwa miaka mingi. Wengi wanashtuka jinsi sauti inavyofunguka mara moja. Walikuwa wamebana koo bila kujua.

Kuhusu kutetemesha sauti, maoni yangu ni haya: mwanafunzi akae bila vibrato hadi mashimo yazibike. Vibrato inafunika mashimo kama rangi inavyofunika nyufa. Korale nyingi za hapa huimba sauti iliyonyooka, na fluti inayotetemeka mfululizo juu yake inasikika kama mgeni. Wakati ukifika, weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, shika la ya oktava ya kwanza, na usukume hewa bila ulimi, ha-ha-ha, mara tatu kwa pigo, kisha nne, kisha tano. Waimbaji wengi wako kati ya mara tano na saba kwa sekunde. Ikifika tano acha kuhesabu, rudi kwenye wimbo, na uiweke mahali pamoja tu: kwenye «mi», ikianza baada ya noti kutulia.

## Baridi nayo

Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba, usiku unashuka chini ya digrii 10, na kumbi zetu za saruji zinaitunza baridi hiyo hadi mchana. Hewa baridi inapitisha sauti polepole, kwa hiyo fluti inashuka: kama senti 3 kwa kila digrii moja, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Pumzi inaipasha ala joto, hivyo haishuki yote hiyo, lakini kinanda cha umeme hakishuki hata kidogo.

Naleta habari hii kwa sababu inaharibu sauti kwa njia ya kujificha. Mpiga anajisikia yuko chini, anabana midomo na kuinua hewa ili apande, na sauti inakuwa nyembamba. Anadhani leo hana sauti, kumbe ana baridi. Funika tundu la kupulizia kwa midomo, funga vidole vyote, na upulize hewa ya joto ndani bila kutoa sauti, dakika moja nzima. Rudia kila korale inapoimba bila wewe. Sukuma kichwa cha fluti ndani zaidi ya alama yako ya kawaida. Na kabla ya kujilaumu kabisa, angalia kizibo kilicho ndani ya kichwa: mstari wa kijiti cha kusafishia uonekane katikati ya tundu la kupulizia, yaani milimita 17 hivi kutoka kwenye kizibo. Kikisogea, oktava zinagombana, na hakuna mazoezi ya midomo yatakayozipatanisha.

## Mwisho wa mstari

«E» ya mwisho ni la. Mama aliiacha iishe yenyewe. Kijana aliikata, kwa sababu kila alipojaribu kuififisha ilishuka. Hilo ni la kawaida: hewa ikipungua, kasi inapungua, noti inaanguka. Dawa yake ni kupunguza uwazi wa midomo kabla ya kupunguza hewa, na kuinua mkondo kidogo kidogo kwa mdomo wa chini, kama mtu anayemalizia kusema «pu». Tumbo lisiachie hadi kimya kifike. Weka la kwenye programu ya simu iendelee kulia chini, na uififishe yako juu yake kwa hesabu sita. Siku za kwanza utafika hesabu tatu.

## Jumamosi iliyopita

Rekodi mpya, ukumbi ule ule, simu kwenye benchi lile lile. Katika wiki hizi kijana amekuwa akitoa dakika kumi kwa noti ndefu na dakika ishirini kwa mistari yenye maneno, miwili kwa wiki, si zaidi.

Mashimo ni mawili sasa. La kwanza liko kwenye «tu», na hilo ni mali ya neno, tumeliacha. La pili bado liko kwenye kuruka, dogo kuliko lilivyokuwa. Mwendo ukipunguzwa hadi robo, inasikika kwamba hewa haikatiki tena pale. Ni kidole cha shahada cha kushoto kinachoinuka kabla vile viwili vya kulia havijatua, na kati yao kunapita sauti fupi isiyo fa wala re.

Jumamosi hii ataanza na vidole hivyo vinne tu, fluti ikiwa begani, bila kupuliza.